Kidimbwi bila samaki: niliyojifunza kwa kungoja wanyama waje wenyewe

Kila ninayemwambia nina kidimbwi bustanini swali lake la kwanza ni mbu. La pili nyoka. Afu baada ya hapo ndo anauliza samaki wako wa aina gani, na nikimjibu hakuna samaki hata mmoja na sitaki awepo, anashangaa, sasa humo unafuga nini? Sifugi kitu. Na hilo ndo ninalotaka kuandika hapa, kwamba kidimbwi cha viumbe wa porini hukiwekei viumbe, unatengeneza maji na ukingo mzuri afu unangoja, wenyewe wanakuja. Kungoja ni kugumu kuliko kuchimba jamani. Nimeona watu wamefukia vidimbwi vyao kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba miezi ya mwanzo inakatisha tamaa, na mimi nusura nifukie changu, kwa hiyo naeleza yote, matamu na machungu.

Tuanze na shimo. Nilichagua sehemu inayopata jua kama nusu siku, mbali kidogo na mti mkubwa maana majani yakidondoka majini yanaoza, yakioza yanakula oksijeni na kuacha mbolea, na mbolea ndo chakula cha mwani, vile vijimea vidogo vya majini vinavyogeuza maji kijani. Mbali na mlango wa nyumba pia, sababu yake nitaisema tukifika kwenye nyoka. Shimo lenyewe dogo tu, mtu mzima akilala chini amelimaliza urefu wake, na penye kina kirefu maji yanafika magotini basi. Kazi ya kuchimba niliidharau, mgongo ulinikumbusha wiki nzima. Kilichouma mfukoni ni nailoni nzito ya kutandika chini, hiyo usibane matumizi, nyembamba inatobolewa na mizizi au jiwe moja tu lenye ncha na hapo unarudia kazi yote upya. Chini yake tandika mchanga laini au mablanketi mabovu. Pampu sikununua, chemchemi ya kurusha maji sikununua, na mpaka leo sijaona kilichopungua kwa kukosa hivyo.

Aliyenisaidia kuchimba alitaka kuta zisimame wima, zinapendeza kwa macho na maji yanaingia mengi. Hapo tulibishana sana. Kuta wima ni mtego, chochote kinachodumbukia hakitoki. Ukingo mmoja nikaufanya mteremko mrefu wa kulala kabisa, maji yanaanza na unene wa kidole yanaendelea taratibu mpaka sentimita 10, afu ndo yanashuka kwenda kwenye kina. Ukiniuliza leo kitu gani kimoja mtu akifanye vizuri hata kama mengine yote atalipua, ni huo mteremko. Viumbe wengi wako hapo kwenye maji haba, kwenye kina cha katikati unakuta wachache. Hapo pana joto, pana mwanga, majani yanaota, ndege anasimama, nyuki anakunywa, chura anaweka mayai.

Maji nilingoja ya mvua. Ya bomba yanafaa ukikosa kabisa, ila yana klorini, na hata klorini ikishatoka mara nyingi yanabaki na naitreti na fosfeti ambazo mwani unazishangilia. Klorini ya kawaida inaondoka ukiacha maji wazi kwenye ndoo siku moja mbili, lakini sehemu nyingine wanatia kloramini na hiyo haiondoki kirahisi hivyo, ulizia kwanza wanatia nini kwenu. Na udongo wa bustani wenye rutuba usiutie ndani, tia kokoto zilizooshwa au mchanga uliooshwa, au usitie kitu.

Basi maji yakajaa, yakatulia, na nikawa naenda kuchungulia asubuhi na jioni. Siku za mwanzo hakuna kitu. Afu wakaja wale wadudu wenye miguu mirefu wanaotembea juu ya maji, sijui walitokea wapi maana sina jirani mwenye maji. Kumbe wadudu wengi wa majini wanaruka vizuri tu, na wengi wanaruka usiku, wanatafuta maji mapya kwa macho. Mwanga ukigonga uso wa maji unarudi umelala mlalo mmoja, sisi hatuoni tofauti yoyote ila wao wanaiona, kwao ni tangazo kwamba hapa pana maji. Ndo maana wakati mwingine unawakuta kwenye paa la gari linalong'aa au kwenye nailoni nyeusi, na kuna kerengende wanataga kabisa juu ya bati la gari, mayai yanakauka. Hao watembea juu ya maji kazi yao ni kuokota vilivyozama nusu, mdudu akidondoka akihangaika anatikisa maji, wao wanasikia mtikisiko kwa miguu na kumfuata.

Wiki chache baadaye maji yakageuka kijani. Kijani kizito, mkono ukiuzamisha mpaka kwenye kiwiko huoni vidole. Na hapo hapo mbu wakaanza.

Hiki ndo kipindi ambacho watu wanafukia. Jirani yangu, mama mtu mzima tunayeheshimiana sana, alikuja akasimama ukingoni akaniambia, "Mwanangu, hilo dimbwi utatuletea mbu sisi wote, mwagia mafuta ya taa yaishe." Nikamwambia mama nipe muda kidogo nikusomee hali yake, nikiona siwezi nalifukia mwenyewe. Mafuta ya taa, oili chafu, vyote hivyo ni kweli vinaua viluwiluwi wa mbu kwa sababu vinaziba uso wa maji wasiweze kuvuta hewa, ila vinaua na kila kingine kinachopanda juu kuvuta hewa, yani unawaua mbu pamoja na waliokuwa wanakuja kula mbu. Baada ya hapo mbu ndo wa kwanza kurudi, maana mbu kwenye joto anatoka yai mpaka anaruka ndani ya siku 7 hadi 10 hivi, wakati mdudu anayemla anahitaji wiki nyingi, hata miezi.

Nilichofanya ni kutafuta bakuli jeupe. Hiki kifaa hakigharimu chochote na ndo kimenifundisha zaidi ya vyote. Unachota maji ya ukingoni, unaliweka bakuli mahali penye mwanga, unatulia dakika mbili bila kulitikisa. Kwenye weupe kila kitu kinaonekana. Viluwiluwi wa mbu wananing'inia kichwa chini mkia juu, wamechomeka kale kabomba ka kuvutia hewa kwenye uso wa maji, ukipitisha kivuli cha mkono wote wanazama kwa kujinyonganyonga. Hao ni jamii ya Culex na ya Aedes. Ukiona waliolala sambamba na uso wa maji, hawana bomba, hao ni Anopheles, jamii inayobeba malaria, na hao usiwachukulie polepole. Wale wa umbo la koma wanaorukaruka ni hatua ya mwisho kabla ya kuruka, ukiwaona wengi ujue una siku moja au mbili tu.

Kwa hiyo wiki hizo nilikuwa nachuja kwa kichujio cha chai kila jioni, viluwiluwi wa mbu namwaga kwenye udongo mkavu, wengine narudisha majini. Kazi ya kuchosha, sikudanganyi. Kuna pia bakteria anaitwa Bacillus thuringiensis israelensis, kwa kifupi Bti, aligunduliwa mwaka 1976 kwenye jangwa la Negev, anauzwa kama chembechembe, anaua viluwiluwi wa mbu na hawadhuru vyura wala ndege. Kwa kipindi cha mpito ni msaada mzuri, ila usizidishe dozi maana anawagusa na ndugu wa mbu wasiouma, wale vijidudu wekundu wa kwenye tope ambao ni chakula cha karibu kila mtu humo ndani. Wekundu wao ni himoglobini, kama damu yetu, inawasaidia kuishi kwenye tope lisilo na oksijeni.

Na kitu kingine, nikazunguka nyumba yangu na ya mama jirani kwa ruhusa yake, na bakuli langu mkononi. Mfereji wa bati ulioziba, ndoo iliyosahauliwa nyuma ya choo, visahani vya chini ya maua. Viluwiluwi walijaa huko kuliko kidimbwini! Maji madogo yaliyofungiwa hayana mtu wa kuwala, na mayai ya Aedes yanaweza kukaa makavu miezi ukutani mwa ndoo yakingoja maji tu. Tukasafisha vyote siku hiyo hiyo, na mama aliona tofauti kabla kidimbwi hakijafanya kazi yoyote. Kama umeamua kuchimba, anza na huo mzunguko kabla hujagusa jembe.

Sasa huo ukijani. Kila mtu atakwambia badilisha maji. Usibadilishe, maji mapya ni mbolea mpya na unaanza sifuri. Atakwambia tia dawa ya mwani, nyingi zina shaba, na shaba ni sumu kwa konokono na kwa viluwiluwi wa chura, afu mwani ukifa wote kwa mpigo unaoza na kumaliza oksijeni. Mimi niliacha. Nikapanda majani ya majini, hayo kupanda ni sawa, ila chukua ya asili ya eneo lako na yaoshe vizuri. Matete na ndago ukingoni, yungiyungi moja katikati la kuleta kivuli. Gugumaji lenye maua ya zambarau ni zuri kweli lakini asili yake ni Amerika Kusini, na limeziba maziwa na mito dunia nzima, mmea mmoja unazaa vichipukizi mpaka hujui uutupe wapi. Usiliingize. Na vile vijani vidogo vinavyoelea vya saizi ya punje, vikiingia vyenyewe vipunguze kwa mkono mapema, vikifunika uso wote chini kunakuwa giza.

Kilichosafisha maji hatimaye ni viroboto-maji. Ukichota kwenye bakuli unaona vinukta vinarukaruka, kila kinukta ni mnyama mzima mwenye jicho moja jeusi na moyo unaouona ukidunda ukitumia kioo cha kukuzia, anachuja mwani mdogo kutwa nzima. Mayai yao yanavumilia ukame na yanasafiri yamenasa kwenye miguu na manyoya ya ndege, kwa hiyo ndege mmoja tu kuja kunywa anaweza kukuletea. Nilichungulia siku moja nikaona kokoto za chini. Nilikaa pale muda mrefu nimefurahi sana, nikamwita mama jirani aje aone.

Baada ya hapo wawindaji wakajaa. Mbawakawa wa maji anayepanda juu kinyumenyume, anatoa mkia nje anachota hewa na kuiweka chini ya mbawa zake ngumu afu anazama nayo. Mdudu anayeogelea chali, mgongo chini, makasia mawili, huyo usimshike kwa mkono anachoma na inauma kweli. Nge-maji anayefanana na jani kavu, hana sumu ya nge, kale kamkia ni bomba la hewa. Hawa ndo waliomaliza mbu wangu. Na kuna aina za mbu ambazo jike akinusa harufu ya yule mdudu wa chali kwenye maji hatagi kabisa, anaenda kutafuta kwingine, yani ulinzi unaanza hata kabla ya yai. Bado nachota bakuli kila wiki. Nikikuta kiluwiluwi wa mbu mmoja wawili sihangaiki, kesho yake hawapo.

Konokono nao walikuja, pengine kwenye mizizi ya majani niliyopanda. Watu wanaogopa kichocho na ni haki yao kuogopa. Kichocho kinahitaji vitu viwili, konokono wa aina fulani tu, pamoja na mkojo au kinyesi cha mtu mwenye ugonjwa kuingia kwenye hayo maji. Kidimbwi chako kisipokojolewa na kisipopokea maji ya choo, mzunguko huo haupo. Kwa hiyo sheria kwa watoto na kwa wageni ni moja, na mfereji wa choo usipite karibu.

Vyura. Hapa ndo niliumia. Mvua kubwa ya kwanza walianza kuimba usiku, madume yanaita majike, kelele yake usiichukulie mzaha, chumba cha kulala kikiwa karibu utajuta. Asubuhi nikakuta mayai, donge la ute wenye vitone vyeusi, na upande mwingine nyuzi ndefu zimezungushwa kwenye matete, hizo ni za wale vyura wenye ngozi kavu ya vipele. Siku chache vitone vikarefuka, vikaanza kutikisika, wakatoka viluwiluwi kwa mamia wakitambaa kwenye mteremko wakikwangua mwani. Nilikuwa nawahesabia siku za kuota miguu.

Wakati huo huo mdogo wangu akanitembelea na zawadi, samaki wadogo kwenye mfuko, ameambiwa wanakula mbu. Alikuwa ameshawamwaga kabla sijatoka nje. Nia yake ilikuwa njema kabisa na sikumgombeza. Kabla mwezi haujaisha kiluwiluwi hata mmoja simwoni, wale wa nge-maji wamepungua, viroboto-maji hakuna, maji yanaanza kurudi kijani. Samaki hachagui mbu peke yake, anakula kila kinachoingia mdomoni, na kinyesi chake ni mbolea. Kuna yule samaki mdogo Gambusia aliyesambazwa nchi nyingi karne iliyopita kwa ajili ya kupambana na mbu, leo Gambusia affinis yuko kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Ilibidi nipunguze maji mpaka magoti yakaonekana, kuwakamata wote na kichujio, nikawapeleka kwa mtu mwenye tangi la ndani. Mtoni usiwaachie hata iweje. Msimu mzima wa vyura ulipotea hivyo hivyo.

Watu waliniambia kachukue mayai kwenye bwawa la jirani uanze upya. Sikuchukua na wewe usichukue. Kuna kuvu inayoshambulia ngozi ya vyura, Batrachochytrium dendrobatidis, ilipewa jina mwaka 1999, imemaliza vyura sehemu nyingi duniani, na inasafiri kwa maji, kwa tope, kwa chura anayehamishwa. Ndoo yako, viatu vyako, kausha juani kabisa kabla ya kutoka bwawa moja kwenda lingine. Mvua zilizofuata vyura walirudi wenyewe bila kuitwa.

Ukishakuwa nao, jua kwamba wengi watakufa, ndo hesabu yao ilivyo, wanataga mamia au maelfu ili wabaki wachache. Usiwaonee huruma ya kuwalisha mkate. Watakapoota miguu ya mbele na mkia ukianza kuyeyuka, wakati huo hawali, mkia wenyewe ndo akiba, na mapafu yameanza kazi kwa hiyo lazima wapate pa kutokea, asiyepata anazama ndani ya maji aliyozaliwa. Tena ule mteremko. Jioni ya mvua wanatoka wengi kwa pamoja, saizi ya ukucha, wanaingia kwenye nyasi. Wiki hiyo usifyeke.

Kerengende nimewaachia nafasi maana ndo wananilaza nje. Mkubwa unayemwona akiruka ni sehemu fupi tu ya maisha yake, muda mrefu aliishi chini kwenye tope, miezi kwa wengine, miaka kwa wengine, rangi ya matope, mvumilivu, anangoja. Chini ya kidevu amekunja mdomo wa chini wenye kucha mbili, kiluwiluwi akipita anaukunjua ghafla mbele, anamnasa na kumrudisha kinywani, jicho lako haliwahi. Akitishwa anatoa maji kwa nguvu kwa nyuma na kusukumwa mbele.

Kuna alfajiri niliamka na tochi nikamkuta mmoja amepanda kwenye tete, ametoka kabisa majini, ameshika kwa miguu yote sita, hatikisiki. Ngozi ya mgongoni nyuma ya kichwa ikapasuka mstari. Kikatoka kifua, kikatoka kichwa chenye macho makubwa ya maziwa, ikatoka miguu, afu akajibwaga kinyumenyume akaning'inia kichwa chini kwa mkia wake ulio bado ndani ya gamba, akatulia hivyo muda mrefu mpaka nikadhani amekufa. Miguu ilikuwa inakomaa tu. Ghafla akajikunja kwenda juu, akashika kichwa cha gamba lake mwenyewe, akauchomoa mkia wote. Mbawa zilikuwa vifundo viwili vilivyokunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa, zikaanza kujaa maji ya mwili, zikanyooka polepole, za ukungu kwanza, afu zikawa wazi kabisa. Jua lilipomfikia akatetemesha mbawa akaondoka. Gamba lilibaki kwenye tete na ndani ya mpasuko mna nyuzi nyeupe, hizo ni bitana za mirija yake ya hewa. Magamba hayo yakusanye, kila moja ni kerengende mmoja aliyefanikiwa kutoka kwako. Kwa hiyo weka vijiti na matete yanayosimama kutoka ndani ya maji mpaka juu, bila hivyo hana pa kupandia, na muda huo usimguse wala kumsaidia, mbawa ikipinda haitanyooka tena.

Wageni wa nchi kavu ni wengi kuliko nilivyotarajia. Njiwa anakunywa kwa kuinamisha kichwa na kufyonza moja kwa moja wakati ndege wengi wanachota, wanainua shingo, wanameza. Wadogo wanaoga penye sentimita 2 au 3, zaidi ya hapo hawaingii. Wape nafasi wazi ya hatua chache bila vichaka kuzunguka hapo pa kuogea maana paka anajificha. Mbayuwayu walifuata tope la kujengea viota, kwa kunywa kidimbwi changu ni kifupi mno, wao wanakunywa huku wanaruka. Popo vilevile, ila wale wadogo wanaweza, nimewaona magharibi wanagusa maji na kupanda. Korongo alikuja asubuhi kadhaa akala vyura, sikumfukuza.

Nyuki wanakuja kutwa nzima siku za joto, yale maji hawanywi yote, wanayapeleka mzingani, wanayatandaza na kuyapepea kwa mbawa ili mzinga upoe. Wawekee mawe yenye uso mkavu ya kukanyaga, kwenye ukingo wa nailoni tupu wanateleza na kufa wengi. Vipepeo wananyonya tope la ukingoni kwa ajili ya chumvi. Kwa hiyo maji yakishuka kiangazi na tope likaonekana usiwe na haraka ya kujaza.

Nyoka. Nitasema kweli, wanakuja, penye vyura nyoka atapita. Kwa hiyo kidimbwi kikae mbali na mlango, njia ya kwendea ifyekwe chini, magogo na mawe yarundikwe upande wa mbali na nyumba, usiku vaa viatu vilivyofunika na utangulize tochi, na mkono usiuingize kwenye majani usipoona. Niliyewahi kumkuta nilirudi nyuma nikamwacha apite, na akapita. Panya wao wanafuata chakula cha ndege kilichomwagwa, usimwage na hutawaona.

Watoto wadogo ni suala zito kuliko nyoka. Mtoto anaweza kuzama kwenye sentimita chache tu za maji na hapigi kelele. Nilifunga wavu mgumu wa chuma juu ya sehemu yenye kina mpaka wa mwisho alipokua, vyura na kerengende wanapita kwenye matundu bila shida. Kama huwezi kuweka wavu au uzio, subiri watoto wakue kwanza.

Kiangazi kikikaza angalia alfajiri. Maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo, na usiku majani hayatengenezi, yanaitumia, kwa hiyo kabla jua halijatoka ndo hali mbaya kuliko zote. Ukiona konokono wote wamepanda juu na viluwiluwi wa chura wanahema usoni, ongeza maji ya mvua uliyohifadhi, kidogo kidogo, yadondoke kutoka juu yachanganyike na hewa. Kusafisha nako, usimwage yote ukasugua. Toa majani na tope la robo moja kwa mwaka, mwisho wa msimu, na utakachotoa kiache ukingoni siku nzima ili waliomo warudi majini wenyewe. Mara ya kwanza nilikaa kando nikiangalia lile rundo la matope, lilikuwa linatambaa lote.

Sasa nachimba kingine, kifupi zaidi, sentimita 20 mwisho wake, na hiki nataka kikauke kila mwaka. Nikisema hivyo watu wananiona nimechoka akili, lakini maji yanayokauka yana watu wake, samaki hawezi kukaa, wawindaji wakubwa wanaohitaji miaka hawawezi kukaa, kwa hiyo vyura wanapumua. Yuko pia kerengende wa rangi ya manjano, Pantala flavescens, anayefuata mvua bara moja mpaka lingine na kuvuka hata bahari, makinda yake yanaweza kumaliza kukua kwenye dimbwi la mvua ndani ya wiki chache. Maji yakidumu miezi miwili tu yanamtosha, na nailoni iliyobaki kwenye kile cha kwanza inanitosha mimi.